Kidole Gumba cha Pili Hakifungwi Uzi

Ndugu msomaji, kila mzazi apewapo mtoto wake mchanga kwa mara ya kwanza huhesabu. Hutazama macho, hugusa masikio, kisha hufunua khanga na kuhesabu vidole. Hatuambiani kuwa tunahesabu, lakini sote twahesabu. Mimi nilihesabu vidole vya mtoto wetu wa tatu usiku mmoja wa mwezi Agosti 2016, katika wodi ya wazazi. Mkono wa kushoto nilipata vitano. Mkono wa kulia nikapata sita. Nikarudia tena polepole, kama mtu ahesabuye mshahara wake dirishani asije akaondoka na kasoro. Vilikuwa sita.

Kidole hicho cha sita hakikuwa pembeni mwa kidole cha mwisho, kama nilivyozoea kuona kwa watu. Kilikuwa upande wa pili. Mtoto alikuwa na vidole gumba viwili, vimesimama juu ya shina moja kama panda ya manati, kila kimoja na ukucha wake. Gumba la ndani, lililo karibu na kidole cha shahada, lilikuwa nene kidogo. Gumba la nje lilikuwa jembamba, nalo limeelekea kando. Alipokunja ngumi, yote mawili yalicheza.

Nakuandikia habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, jambo lenyewe si la ajabu kama tulivyodhani, na tiba yake inajulikana. Pili, tulikaribia kumharibia mtoto huyu mkono wake, tena si kwa uovu bali kwa mapenzi. Naamini ziko nyumba nyingi ambamo jambo kama letu laweza kutokea kesho, na pengine baba wa nyumba hiyo ndiye asomaye ukurasa huu.

SOKSI MKONONI

Tangu siku ya pili mke wangu alimvika mtoto soksi katika mkono wa kulia. Majirani walipouliza, alijibu kuwa mtoto anajikwaruza uso kwa kucha. Jibu lilikuwa jepesi, na mimi nikalishika vilevile.

Mama yangu alikuja kutoka Korogwe kumwogesha mtoto na kumtunza mzazi, kama ilivyo desturi. Mtoto tulimpa jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo Mama akawa anamwita "mume wangu". Siku ya kwanza alipomvua soksi ile, alicheka. "Mume wangu amekuja na cha akiba," alisema. "Basi hiki nitakiondoa mwenyewe."

Hakuwa akijisifu. Katika kijiji chetu Mama amewafunga uzi watoto wengi waliozaliwa na kidole cha sita, na mimi ni mmojawao. Nilizaliwa na kinyama kidogo kilichoning'inia kwa ngozi tu kando ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Alikifunga kwa uzi mweusi, na siku ya nane kikadondoka. Mahali pake pamebaki kipele kigumu. Kazi yangu ni ufundi mitambo, na spana ikinigonga hapo, maumivu hupita kama umeme hadi kwenye kiwiko. Kwa miaka mingi niliona hilo ni jambo la kawaida, wala sikumlaumu mtu.

Maneno nayo hayakukosekana. Shangazi yangu mmoja alimwuliza mke wangu alimcheka nani alipokuwa mjamzito. Jirani mmoja, aliyeuona mkono kwa bahati, alisema ni baraka, mtoto atakuwa tajiri. Mwingine alisema ni mkosi. Mke wangu aliwasikiliza wote bila kujibu, ila akawa hali vizuri na maziwa yakaanza kupungua. Wakati huo siku ya arubaini ilikuwa ikikaribia. Wageni wangekuja, mtoto angenyolewa nywele na kupakatwa na kila mtu, na soksi ingevuliwa.

Jioni moja Mama aliniuliza, "Mwanangu, watu waje wamkute hivi hivi?"

Sikujibu. Nilijua maana ya swali lake, tena nilijua kuwa kesho yake nitakuwa kazini. Ndugu msomaji, sikusema ndiyo. Lakini baba wa nyumba akinyamaza katika jambo kama hilo, kunyamaza kwake ni ruhusa, nami nililijua hilo nilipokuwa nikinyamaza.

USIKU WA UZI

Siku ya 37 nilirudi kazini nikamsikia mtoto akilia tangu nilipokuwa njiani. Hakikuwa kilio cha njaa. Mke wangu alikuwa akimtembeza uani, na Mama ameketi mkekani akisema kuwa siku ya kwanza wote hulia. Nilimvua soksi. Uzi mweusi ulikuwa umezama katika shina la gumba la nje, na gumba lenyewe limevimba na kugeuka rangi ya zambarau iliyoiva. Gumba la ndani nalo lilikuwa limeanza kuvimba.

Nilichukua wembe, lakini mkono wangu ulitetemeka mno. Mke wangu akaninyang'anya, akautupa, akaukata uzi ule kwa ncha ya mkasi wa kucha. Hakuna aliyesema neno.

Tulikwenda hospitali saa ile ile, watu wazima watatu na mtoto katika bajaji moja. Daktari wa zamu aliuliza uzi ulikaa muda gani. Mama alijibu mwenyewe, wala hakujificha nyuma yangu: tangu saa 8 mchana. Wakati huo ilikuwa saa 2 usiku. Daktari alibonyeza ukucha mdogo ule mpaka ukawa mweupe, akauachia, akatazama wekundu ukirudi taratibu. Akasema tumewahi. Hakutukaripia. Alitazama kadi ya kliniki kuona kama mama alichomwa sindano za pepopunda alipokuwa mjamzito, akasafisha kidonda, kisha akatuandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa.

Nilidhani Mama angeona haya na kutaka kurudi Korogwe. Badala yake alisema, "Tutakwenda wote. Nataka nisikie kosa langu liko wapi."

KOSA LILIKUWA WAPI

Daktari bingwa alikuwa kijana kuliko mimi. Alimwamkia Mama kwanza, shikamoo, ndipo akampokea mtoto. Alimpima mwili mzima, moyo, mgongo, miguu na mkono wa pili, kwa kuwa mara chache kasoro ya mkono huja pamoja na nyingine iliyojificha. Hakuona kitu. Akaagiza picha ya eksirei. Kisha akatoa sarafu ya shilingi 200, akaiweka mezani na kumwomba Mama aiokote bila kutumia kidole gumba. Mama akajaribu kwa vidole viwili vya kati. Sarafu ikaponyoka. Akajaribu tena, ikaponyoka tena.

"Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa," Mama akasema.

"Ndiyo, mama," daktari akajibu. "Na hiki ndicho ambacho vingine vyote hukitegemea."

Alitueleza kuwa waganga wa mikono hukadiria gumba peke yake kubeba karibu asilimia 40 ya kazi ya mkono. Vidole vinne vingine hukunjika kuelekea kiganjani, lakini gumba ndilo pekee liwezalo kugeuka na kuvikabili. Kushika sindano, kufunga kifungo, kufungua chupa na kuandika jina, yote hayo ni kazi ya gumba na mwenzake.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu. Sisi tuliviona vidole vya sita kuwa kitu kimoja, kumbe viko vya aina mbili. Kile kiotacho kando ya kidole cha mwisho ndicho tukionacho mara nyingi zaidi kwetu Waafrika, nacho hurithiwa katika ukoo. Mara nyingi ni kinyama tu kisicho na mfupa wala kiungo. Hata hicho daktari hakupenda kifungwe uzi nyumbani, kwa sababu ndani yake mna mshipa wa fahamu. Uzi huubana mshipa huo na kuacha ncha yake ndani ya kovu, na ndiyo sababu ya ule umeme niusikiao spana inaponigonga. Tena uzi mchafu juu ya mtoto mchanga waweza kuingiza vijidudu vya pepopunda.

Gumba la pili ni jambo lingine kabisa. Lina mifupa, lina kiungo, lina kano za kulikunja na kulinyoosha. Si gumba kamili lililoongezwa juu ya gumba kamili. Ni gumba moja lililogawanyika likiwa linaumbwa, na kila nusu ikachukua sehemu ya mali ya mwenzake. Misuli midogo iliyo katika kitako cha gumba, ile iliwezeshayo kukabili vidole vingine, mara nyingi imejishikiza kwenye gumba la nje, yaani lile dogo ambalo kila mtu hutaka litupwe. Vilevile utepe mgumu uzuiao kiungo kisiyumbe upande huo umejishikiza hapo hapo. Ukilikata au kulinyonga kwa uzi, umetupa pamoja nalo mali ya gumba linalobaki.

Mke wangu alikuwa kimya muda wote. Kisha akauliza linatokana na nini. Daktari akamwambia kuwa mkono wa mtoto tumboni huanza kuchipua katika juma la nne, ukiwa bapa kama kafi dogo, na kufikia juma la nane vidole vimekwisha kuachana. Katika majuma hayo machache, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito, mgawanyo wa gumba waweza kuzidi mpaka. Waganga hukadiria kuwa hutokea kwa mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 hadi 3,000, mara nyingi katika mkono mmoja tu, na mara nyingi katika ukoo usio na mwingine wa namna hiyo. Iko aina moja ambayo gumba huwa na pingili tatu badala ya mbili, na hiyo yaweza kurithiwa. Ya kwetu haikuwa hiyo.

"Kwa hiyo si mimi?" mke wangu akauliza.

"Si wewe, mama. Wala si chakula, wala si kicheko."

Tangu siku ile soksi haikuvaliwa tena. Arubaini tuliifanya kwa kuchelewa, na mtoto alipakatwa mkono wazi. Watu walitazama, wakauliza, tukawajibu, wakala pilau.

KUNGOJA NAKO NI TIBA

Mwaka 1969 daktari aitwaye Wassel alichapisha mpango wa kuyagawa magumba ya namna hii katika makundi 7, na mpango huo unatumika hadi leo. Huanzia ukuchani na kushuka kuelekea kwenye kifundo cha mkono. Katika kundi la 1 ni ncha ya mfupa wa mwisho tu iliyopasuka. Kadiri namba inavyopanda, mgawanyiko umeteremka chini zaidi, na kundi la 7 ni lile la gumba lenye pingili tatu. Eksirei ilionyesha kuwa mtoto wetu yumo katika kundi la 4, ambalo hutokea kuliko yote. Magumba mawili, kila moja na pingili zake mbili, yamekaa juu ya kichwa kimoja cha mfupa wa kiganja kilichotanuka ili kuyabeba yote.

Nilitaka mtoto apasuliwe kesho yake. Daktari akakataa. Alisema wakati mzuri ni mtoto afikapo karibu mwaka mmoja. Kabla ya miezi 6 dawa ya usingizi humlemea mtoto zaidi, na viungo ni vidogo mno hata mpasuaji hawezi kutofautisha vizuri kano na mshipa. Ukichelewa sana nako, mtoto atakuwa amekwisha kuuzoesha ubongo wake kushika vitu kwa njia ya mchepuko. Katika miezi hiyo hakuna litakaloharibika. Mtoto aachwe ashike kila kitu, na mkono usifichwe.

Katika miezi ile ya kungoja, kwenye benchi la kliniki, nilikutana na kijana mmoja seremala wa miaka ishirini na kitu. Naye alizaliwa na magumba mawili. Alipokuwa na majuma machache alipelekwa mahali fulani ambapo lile la nje lilikatwa tu, ngozi ikashonwa, basi. Wazazi wake walifurahi, kwani mkono ulionekana safi. Lakini kadiri alivyokua, gumba lililobaki lilianza kuelemea upande uliokuwa wazi, kisha ncha yake ikarudi upande wa pili, mpaka likawa kama njia ya mlimani. Alinionyesha jinsi anavyoshika msumari, akiubana kati ya kidole cha shahada na cha kati. "Nyundo ikikosea, mzee, inakosea kweli," aliniambia huku akicheka. Alikuwa anangoja kupasuliwa upya, na alikwisha kuambiwa kuwa kukinyoosha kilichokua kimepinda ni kazi ngumu kuliko kukijenga vyema tangu mwanzo.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia Mama. Aliyashika magumba yote mawili ya "mume wake", akakaa nayo kwa muda mrefu.

SIKU YA UPASUAJI

Mtoto alipasuliwa Septemba 2017, akiwa na miezi 13. Alikuwa akitembea kwa kushika viti. Tuliagizwa tusimpe chakula kwa muda wa saa 6 kabla, na asinyonye kwa muda wa saa 4. Ndugu msomaji, kama hujawahi kumnyima titi mtoto anayelijua titi liliko, huijui alfajiri ndefu. Mama ndiye aliyembeba akatembea naye ukumbini mpaka tulipoitwa.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa nilimwomba daktari aniambie tena atakalofanya, naye alinichorea kwenye karatasi. Sijui kuchora, lakini nikueleze nilivyoelewa, kwa kuwa ndilo jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua kabla ya kutia sahihi.

Mtoto hulazwa usingizi kwa hewa ya dawa, asisikie chochote. Mkono hubanwa kwa juu kwa muda ili damu isizibe macho ya mpasuaji, naye huvaa miwani ya kukuza. Gumba la nje ndilo linaloondolewa, si kwa sababu ya udogo wake tu, bali kwa sababu gumba la ndani lina utepe mzima upande ule unaokabili kidole cha shahada, na upande huo ndio unaobeba nguvu tunapobana kitu. Kabla ya kuliondoa, mpasuaji humenya kutoka kwenye gumba la nje ile misuli ya kitako na ule utepe wa kando, akiuacha na kipande cha ngozi ya mfupa. Ndipo huliondoa gumba. Kisha hupunguza kile kichwa cha mfupa kilichotanuka, kwa kuwa sasa kitabeba gumba moja tu. Halafu huichukua misuli na utepe alioutunza na kuushona kwenye gumba lililobaki. Huziweka kano katikati ili zisilivute upande mmoja, na mfupa ukiwa umepinda hukata kabari ndogo na kuunyoosha. Mwisho huchoma waya mwembamba wa chuma kupita katikati ya mifupa, ili yote yakae sawa mpaka yashikane.

Nilimwuliza kama yangeweza kuunganishwa yote mawili yawe moja. Akasema njia hiyo ipo tangu mwishoni mwa karne ya 19, ilipoelezwa na mganga wa Kifaransa Bilhaut, nayo hufaa hasa pale magumba yanapolingana na yote ni membamba. Hasara yake ni kwamba ukucha mara nyingi hubaki na mfereji katikati na kiungo huweza kukakamaa. Kwetu haikuhitajika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, neno "kukata" halitoshi kuieleza kazi hii. Kukata ni dakika chache. Muda mwingi ni wa kujenga, na kinachojengwa kinatokana na kile ambacho sisi tulitaka kukitupa.

Tulingoja yapata saa moja na nusu. Mama alikuwa na tasbihi. Mke wangu alishika kiatu kimoja cha mtoto, sijui kingine kilikuwa wapi. Mimi nilikuwa nikikigusagusa kipele changu cha mkono wa kushoto.

Alitoka akiwa amefungwa plasta ngumu, ile watu wa mitaani waiitayo hogo, kutoka kwenye vidole hadi juu ya kiwiko kilichokunjwa. Nilidhani ni kubwa kupita kiasi kwa kidole kimoja. Muuguzi akaniambia kuwa mtoto wa mwaka mmoja akifungwa chini ya kiwiko huivua kama soksi. Tulicheka, mimi na mke wangu, kwa mara ya kwanza siku ile.

Plasta ilikaa majuma matano. Kilichotusumbua hakikuwa maumivu, maana siku tatu tu alihitaji dawa ya kutuliza. Kilichotusumbua ni kumzuia asiilowanishe na asimpige nayo dada yake. Ilipovuliwa na waya kutolewa, alilia sana. Gumba lilikuwa jembamba, jekundu na kakamavu, na mke wangu akanitazama kana kwamba tumedanganywa. Tuliambiwa kulisugua kovu kwa mafuta kila siku, kumvika kishikizo chepesi usiku kwa majuma kadhaa, na mchana kumpa vitu vidogo vya kuokota. Mama alichukua kazi hiyo. Alikuwa akimwaga kunde kwenye sinia, na "mume wake" akiziokota moja moja.

MKONO WENYEWE LEO

Nisikudanganye kuwa mkono huo sasa haujulikani na mwenzake. Unajulikana. Gumba la kulia ni jembamba kuliko la kushoto, na ukucha wake ni mdogo. Kiungo cha juu hakikunji sana. Kovu limepita pembeni kama uzi mweupe. Daktari alituambia mapema kuwa ndivyo itakavyokuwa, kwa sababu gumba lililogawanyika halikuwa na mali ya kutosha tangu mwanzo. Alituambia pia kuwa tuendelee kumrudisha kliniki mpaka amalize kukua, kwani watoto wengine huhitaji kurekebishwa mara ya pili mfupa ukianza kupinda. Wake mpaka sasa umesimama wima.

Alipoanza darasa la kwanza Januari 2023, mwalimu alimshika mkono akamwuliza aliumia lini. Mtoto akajibu, "Nilikuwa na mbili, wakanitengenezea moja." Nilipenda jibu hilo kuliko yote tuliyowahi kuwapa majirani.

Nimalizie kwa kuwaambia wazazi wenzangu mambo machache. Mtoto akizaliwa na kidole cha ziada, upande wowote, msifunge uzi wala msiruhusu wembe. Onyesheni kidole hicho hospitalini kabla ya kuruhusiwa kutoka, na ombeni barua ya kwenda kwa daktari wa mifupa au wa upasuaji wa watoto. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ipo tangu 1996, na hospitali za rufaa kama KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza zimekuwapo tangu 1971. Hakuna haja ya kukesha njiani kama sisi, maana gumba la pili si ugonjwa wa dharura. Mtu akiwaambia atalikata siku hiyo hiyo na kulimaliza, mwulizeni swali moja: lile linalobaki litajengwaje? Asipokuwa na jibu, mchukueni mtoto wenu mwende mbele.

Na kwenu akina baba, msinyamaze. Bibi ana ujuzi wake, naye anautumia kwa mapenzi. Mama wa mtoto ana hofu na aibu aliyotwishwa na watu. Wewe ukikaa kimya katikati yao, uzi utafungwa, na mkono utakaobaki umepinda hautakuwa wako.

Mama bado huja kutoka Korogwe kututembelea. Macho yake yamepungua nguvu, na akitaka kushona humwita mjukuu wake. "Mume wangu, njoo unitungie." Mtoto huja, huubana uzi kati ya kidole cha shahada na lile gumba jembamba, huulowesha kwa mate, na kuupitisha kwenye tundu la sindano. Mama hutazama mkono ule mpaka uzi upite. Sijapata kumsikia akisema kitu, nami sijapata kumwuliza.